Nipe Ule wa Kushoto

Vijana wangu, hizi salamu zenu za kugotana ngumi zinanishinda. Mnaingia hapa kwangu Kawangware, "Niaje, shosho," ngumi inanijia, nami nimeshanyoosha kiganja kizima. Kinabaki hewani kinashangaa. Siwalaumu, kila zama na kitabu chake. Lakini mmeniomba niwaeleze tulivyokuwa tukipima mifupa zamani, na habari yenyewe ni ya viganja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo leo mtavumilia salamu za kizee.

Ninyi kazi yenu naijua, nimelazwa kwenye mashine yenu. Mgonjwa analala chali, mkono wa mashine unapita juu yake polepole kama mtu anayetafuta sindano, na kabla hajavaa viatu karatasi imeshatoka na namba zake na rangi zake. Nilimuuliza yule binti aliyenipima, "Na kama mashine imekosea?" Akacheka. "Shosho, hii hukosea aje?" Sikutaka ugomvi nikiwa nimevua miwani. Jibu ndilo hili.

Niliajiriwa hospitalini mwishoni mwa miaka ya sitini, msichana mwenye nywele zake na kiburi chake, kufanya kazi katika chumba cha giza. Kazi yangu ilikuwa kuosha picha za eksrei. Wakubwa wakapiga picha, mimi nikaingia nazo gizani, nikazitumbukiza kwenye dawa, nikazianika. Miaka michache baadaye akaja Daktari Mutua, kijana aliyekuwa ametoka masomoni ng'ambo, na wasiwasi mmoja kichwani. Kulikuwa na wagonjwa wetu waliokuwa wakimeza tembe za steroidi kila siku, mwaka baada ya mwaka: wenye pumu kali, wenye yabisi ya viungo, wenye magonjwa ya ngozi. Tembe zilikuwa zikiwaokoa kweli. Lakini daktari alisema dawa hiyo hiyo inayofungua kifua hula mifupa kimyakimya, na akataka kila anayeimeza apimwe mifupa mara moja kwa mwaka. Namba ikishuka, yeye apunguze tembe kabla mtu hajavunjika.

Kupimwa kwa chombo gani? Mashine kama zenu hatukuwa nazo. Tulikuwa na mkono wa mgonjwa, filamu, rula, na kalipa, kile chombo cha meno mawili ambacho hata fundi wa magari anacho.

Tulifanya hivi. Unapiga picha ya kiganja. Unatafuta mfupa ulio ndani ya kiganja, ule unaoshikilia kidole cha shahada. Unapima urefu wake, unapata katikati, unatia alama ya penseli. Pale katikati unapima upana wa mfupa wote kwa kalipa. Kisha unapima upana wa tundu la ndani, mahali pa uboho. Toa huo kwenye ule wa kwanza, kinachobaki ni ganda la mfupa. Ganda likiwa nene, Mungu ashukuriwe. Likipungua mwaka kwa mwaka, mpelekee daktari habari upesi. Basi. Ni hesabu ya kutoa tu ya mtoto wa darasa la tatu, ila inatafuta kitu kisichofika upana wa punje ya mtama.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shem, Mmaragoli mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kuangalia picha. Mzee Shem hakunywa chai asubuhi ya kupima. Alikunywa uji. "Chai inatetemesha kalipa," alisema, na mimi nilimcheka mpaka siku nilipokunywa vikombe viwili nikapata namba tatu tofauti kwa mfupa mmoja. Alikuwa pia akiikunja kadi ya mgonjwa ili namba ya mwaka jana isionekane. Ukiiona, alisema, jicho lako litakuwa na adabu, litaifuata. Pima kama hujawahi kukutana na mfupa huo. Hili lichukueni hata ninyi wenye mashine.

Halafu kulikuwa na ngazi. Vipande vya bati la aluminiamu vilivyopangwa kidato juu ya kidato, unaviweka kando ya mkono wakati wa kupiga picha, ili kila filamu iwe na kitu kisichobadilika cha kulinganishia. Ya kutoka ng'ambo hatukuwahi kuiona. Mzee Shem akamwendea fundi wa sufuria hapa hapa Kawangware, akamwonyesha kwa vidole ukubwa anaoutaka. Fundi akatazama, akauliza, "Ngazi ndogo hivi, atapanda nani? Panya?" Lakini aliitengeneza, na ilidumu kuliko madaktari watatu.

Na ni hiyo ngazi iliyotuokoa Julai moja ya baridi. Mnaijua Julai ya Nairobi. Mimi nilikuwa mvivu wa kupasha maji, dawa ya kuoshea picha ikawa baridi, picha zikatoka nyeupe, na mifupa kwenye picha nyeupe huonekana minene. Mwezi mzima wagonjwa wote walipona! Daktari Mutua alikuja mwenyewe na makaratasi, uso umejaa furaha. Mzee Shem akatazama vidato vya ngazi kwenye filamu, akaona navyo vimenenepa. "Daktari," akasema, "hata bati limepona." Tangu siku hiyo nilikuwa na birika la maji moto na kipimajoto, na nilitaniwa na hospitali nzima hadi Desemba.

Ninawachekesha kwanza kwa sababu kinachofuata hakichekeshi sana.

Kulikuwa na mgonjwa wetu mmoja, Mama Rispa, mama wa kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amepanga Kibera, ule upande ambao leo mnauita Olympic. Alifua nguo za watu kwa riziki, na Jumapili alipiga ngoma na kuimba katika kanisa lao, lile la kanzu nyeupe zinazofika kwenye kifundo cha mguu. Pumu ilikuwa nusura imuue kabla ya tembe. Baada ya tembe aliimba mpaka watu wakasimama njiani.

Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa na mashavu ya mviringo yanayong'aa, na mimi, mtoto wa Kawangware ninayejua kwamba kunona ni baraka, nikamwambia, "Mama, umenona! Mambo ni mazuri." Akafurahi. Mzee Shem akasubiri mpaka mama alipotoka.

"Nyokabi, mashavu si ripoti. Hayo ni tembe. Shavu likijaa hivyo, uliza mfupa."

Nililipuuza. Siku hizo hata pale Kawangware kulikuwa na watu walionunua tembe hizo hizo vichochoroni ili wanone wasifiwe. Tulikuwa tukisifia ugonjwa, hatujui.

Picha ya kwanza ya Mama Rispa aliipiga Mzee Shem mwenyewe. Mwaka uliofuata mzee akahamishiwa chumba kikubwa cha eksrei, ng'ambo ya ua, na mimi nikaachiwa chumba kidogo cha kupimia, peke yangu, malkia. Na jambo la kwanza alilofanya malkia ni kuhamisha kiti.

Sikilizeni habari ya kiti. Mzee Shem alikuwa na kiti cha mgonjwa alichokibana ukutani, upande wa kulia umegusa ukuta kabisa, meza ya filamu iko kushoto. Kiti kilizuia nusu ya mlango. Wanene waliingia kwa ubavu. Mara mbili alikuwa ameniambia, "Kiti hicho usikisogeze," na mara mbili sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni mambo ya wazee, kama wale wasiotaka ufagie usiku. Nikakisogeza katikati, chumba kikapumua, nikajipongeza.

Jambo la pili: kila picha huwekwa herufi ndogo ya madini ya risasi, L kwa mkono wa kushoto, R kwa wa kulia. Sisi tulipima wa kushoto tu, kwa sababu wa kulia hufanya kazi, na kazi huunenepesha mfupa ukadanganya. Basi nikasema, kama ni L kila siku, ya nini kuibandika na kuibandua? Nikaigandisha kwa plasta kwenye kaseti, kile kisanduku bapa cha kuwekea filamu, moja kwa moja.

Jambo la tatu ni la kwetu sote, na ndilo lililoniponza. Mtu mzima anaingia, mara nyingi umri wa mama yangu. Nitamwambiaje "nipe mkono wa kushoto"? Mama yangu angenichapa. Mkono wa kushoto haupewi mtu. Kwa Wakikuyu haupewi, kwa Wajaluo haupewi, kwa Waluhya haupewi. Tunagombana kwa mengine yote lakini hilo tumekubaliana. Nilikuwa nikiona haya kulitamka. Kwa hiyo nilisema kwa upole, "Mama, weka mkono hapa," nikakimbilia nyuma ya kinga ya miale kubonyeza. Na mama, kwa adabu zake zote, aliweka mkono anaoheshimu.

Kiti cha Mzee Shem kilikuwa kimelifanya jambo hilo bila aibu ya mtu yeyote. Mkono wa kulia uko ukutani, hauna pa kwenda. Wa kushoto unafika mezani wenyewe. Yeye hakuhitaji kumwomba mzee wa watu mkono wa aibu. Mimi nilikiondoa kiti, na sikujua nimeondoa nini.

Mwaka wa kwanza nilimpima Mama Rispa, ganda likawa nene kuliko la mwaka uliotangulia. Nilirukaruka. "Mama, mifupa imeongezeka!" Daktari Mutua akaandika: mifupa mizuri, aendelee na tembe vile vile. Mwaka wa pili, mizuri, aendelee. Mkono ule ulikuwa wa mama anayekamua mablanketi na kupiga ngoma, ungekosaje kuwa mzuri? Na kila filamu ilikuwa na L yake.

Mwaka wa tatu alikuja na malalamiko, si ya mwili. Alikuwa na kesi na fundi wake wa nguo.

"Sister," akaniambia, maana mwanamke yeyote mwenye koti jeupe alikuwa sister, "huyo fundi wa pale Kibera ni mwizi sana. Kanzu yangu ya kanisa alinishonea sawasawa. Mwaka haujaisha, inafagia chini. Nikamrudishia, akakunja pindo. Tena ikafagia. Akakunja tena. Sasa ni mara ya tatu! Ameniuzia kitambaa gani hii inanyooka kama mpira?"

Nilicheka. Naona aibu kuwaambia, lakini nilicheka sana. Akaendelea kwamba amemshtaki fundi kwa mchungaji, na fundi amesimama mbele ya wazee wa kanisa akaapa. "Alisema nini?" nikauliza, huku napanga filamu.

"Alisema, 'Mama, kitambaa hakikui. Kitambaa hunywea.'"

Nikapiga picha, nikampima, mizuri, kwaheri. Jioni niko nyumbani nasaidia kuanua nguo. Blauzi yangu ya pamba ilikuwa imenywea mpaka haifungi. Nikasimama nayo mkononi pale kwenye kamba. Kitambaa hakikui. Kama kanzu haijaongezeka, na pindo linafagia chini, basi ni nini kimepungua?

Ni Mama Rispa.

Asubuhi nilichukua filamu zake zote, ile ya mzee na tatu zangu, nikavuka ua. Mzee Shem akazitundika kwenye kisanduku cha taa, moja baada ya nyingine. Hakuchukua kalipa. Alitazama tu, mabega yake yameinama. Kisha akaweka kidole kwenye gumba la picha ya kwanza, akalipeleka kwenye gumba la pili. Ukiisoma L inavyosomeka, kiganja kimelazwa, gumba la mkono wa kushoto linakuwa upande wako wa kulia. Kwenye picha aliyoipiga yeye lilikuwa kulia. Kwenye zangu zote tatu lilikuwa kushoto.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nyokabi, kiti kiko wapi?"

Nililia mbele ya mtu mzima, na sioni haya kusema. Tulikwenda kwa Daktari Mutua pamoja. Daktari akasema wote niliowapima miaka ile mitatu waitwe upya, na Mama Rispa, aliyeonekana kuwa hatarini zaidi, aletwe kesho yake. Nikadhani atatumwa mtu. Mzee Shem akasema, "Hapana. Yeye ndiye atakwenda." Na akanishika mkono mlangoni: "Ukifika, usianze na tembe. Chochote utakachosema, usianze na tembe."

Nilimkuta nje ya nyumba yake anafua, karai limejaa povu, mkono wa kulia unapanda na kushuka. Na mimi, kwa woga, nikaanza na tembe.

"Mama, hizo tembe unazomeza zimekula mifupa yako."

Alinyanyuka. Aliingia ndani, akatoka na kichupa chake, akakifungua, akamimina tembe zote ndani ya maji ya sabuni.

"Basi. Zimekwisha. Sitakula tena kitu ya kunikula."

Vijana, mnajua kilichokuwa mbele yake. Mtu aliyemeza dawa ile miaka, mwili wake umesahau kujitengenezea yake. Akiikata ghafla, anaweza kuzimika kabla pumu yenyewe haijafika. Nilikuwa nimekuja kuuokoa mgongo uliokuwa ukimfupisha, na sasa nilikuwa namuua mchana kweupe. Nikapiga magoti pale matopeni, nikazamisha mikono karaini hadi kwenye viwiko, nikaanza kuokota. Nilikuwa nimevaa saa mpya. Saa ilifia pale pale.

"Yaye! Sister, umeingiwa na wazimu? Unatafuta nini kwa maji chafu?"

"Mama, usiziache! Nakuomba. Ukiziacha leo, Jumapili hufiki."

"Sasa wewe unataka nini? Nikimeza, mifupa inaisha. Nikiacha, nakufa. Hii ni dawa ama ni mtego?"

"Zinashushwa polepole, mama. Kidogo kidogo, daktari akihesabu. Ziliwekwa juu sana kwa sababu yangu. Nilimwambia daktari mifupa yako ni mizuri. Sikupima mkono wa sawa. Kadi yasema kushoto, mimi nimepima kulia, miaka mitatu."

Aliutazama mkono wake wa kulia, povu linadondoka. "Lakini ni mimi nilikupa huu."

"Ulinipa kwa adabu. Mimi sikuangalia."

"Mama yangu alinifunza, kushoto haupewi mtu." Sauti yake ikashuka. "Kwa hivyo ni adabu yangu imenimaliza?"

"La, mama. Ni uvivu wangu."

Alijifuta povu kwa gauni. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, maana si kila siku mtu wa koti jeupe anapiga magoti Kibera mikono ndani ya karai. Nilikuwa nimeokota tembe sita zilizobaki na umbo, nikamnyooshea. Akazichukua. "Enda," akasema. "Kesho nitakuja. Lakini si kwa sababu yako."

Alikuja. Kiti kilikuwa kimerudi ukutani, nilikisukuma mwenyewe alfajiri. Akaketi, mkono wa kushoto ukafika mezani wenyewe. Ganda la mfupa ule lilikuwa jembamba kama la kitunguu. Daktari akaagiza picha ya mgongo, na pingili tatu zilikuwa zimebonyea, zimekaa chini. Mzee Shem akamsimamisha ukutani, akalinganisha urefu wake na wa kadi ya kwanza. Kisha akaomba kuiona kanzu, akapima mapindo matatu kwa rula. Namba zilikaribiana sana. Fundi wa nguo wa Kibera, mwenye sindano na uzi, alikuwa ameweka rekodi nzuri kuliko yangu, na alikuwa ameshtakiwa wizi kwa kuiweka.

Mama Rispa alikwenda kumwomba fundi msamaha kwa samaki mkubwa wa kukaanga. Fundi akala, akasema kesi imefutwa, lakini kanzu ijayo alipwe kwanza.

Tembe zilishushwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na baadaye akapata dawa ya kuvuta kwa mdomo. Akaambiwa anywe maziwa na ale omena, dagaa wa ziwani, na mifupa yake, jambo alilosema amelifanya tangu kuzaliwa bila kuambiwa na daktari wa Kikamba. Mgongo haukuendelea kuporomoka. Lakini pingili zile tatu hazikunyanyuka tena. Ngoma alimwachia mwingine, mablanketi yakamshinda, na akawa anaimba ameketi. Hiyo ndiyo bei ya kiti nilichokisogeza, na sikuilipa mimi.

Wengine tuliowaita upya, wengi walikuwa sawa. Wachache hawakuwa. Nawakumbuka nyuso.

Miezi mingi Mama Rispa alikuja kupimwa bila kuniangalia usoni. Alijibu "ndiyo", "hapana", akaondoka. Sikumlaumu. Kisha siku moja foleni ni ndefu, benchi limejaa, nikatoka kuwaita. Nikamwona, nikamnyooshea mkono wa kulia kama kawaida, nikitarajia ule ubaridi. Akauficha wake nyuma ya mgongo. Akatoa wa kushoto.

"Wewe nipe ule wa kushoto," akasema kwa sauti ya kanisani. "Huu ndio unajua siri yangu."

Mzee mmoja kwenye benchi alitikisa kichwa. "Huyu mama hana adabu."

"Adabu ndiyo ilinivunja mgongo, baba," akamjibu, akacheka mpaka akashika kifua.

Nilimpa wa kushoto. Tangu siku hiyo, popote tulipokutana, hospitalini, njiani, sokoni Kawangware, tulisalimiana hivyo, wanawake wawili wazima, na watu wakitukodolea macho. Msamaha mwingine sikupewa, na sikuuhitaji.

Kwa hiyo mkianza kazi mahali, mkute kiti kimewekwa vibaya, kinaziba mlango, ulizeni kwa nini kabla ya kukisogeza. Na mgonjwa akilalamika juu ya fundi wake, msicheke. Mzee Shem alistaafu akarudi kwao Maragoli. Kila mwaka nilimtumia salamu kwamba kiti kiko ukutani.

Mama Rispa alifariki katikati ya miaka ya themanini, kifua kilimshinda hatimaye. Kabla ya kusafirishwa kwao walimwombea Kibera, nami nikaenda moja kwa moja kutoka kazini. Waombolezaji walipanga mstari, wakipeana mikono na wafiwa. Bintiye alikuwa amesimama mwisho, Atieno, sikuwa nimewahi kukutana naye, amevaa kanzu ya mama yake. Yeye ni mrefu, kwa hiyo mapindo yalikuwa yamefumuliwa yote, na karibu na kifundo cha mguu nikaiona mistari mitatu ya matundu ya sindano.

Nilipomfikia nilinyoosha mkono wa kulia. Akanitazama, akatazama koti langu jeupe.

"Wewe ndiye Nyokabi wa mifupa?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akarudisha mkono wake wa kulia kando, mbele ya mchungaji na wazee wote wa kanisa, akatoa wa kushoto. "Mama alisema wewe unasalimiwa hivi."

Niliushika kwa mikono yangu yote miwili. Na kidole changu, bila kukituma, kikateremka mpaka kwenye mfupa ule unaoshikilia kidole cha shahada, kikasimama katikati, mahali pa alama ya penseli. Najua kwa kidole mtu hapimi. Nilipima. Ulikuwa mnene, mzima, na sikuuachia upesi.